Doa la unyevu halisemi maji yametoka wapi: uzi wa ukaguzi wa jengo kabla ya kupiga plasta upya

Mkaguzi (mleta uzi):

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa nikikagua majengo yenye matatizo ya unyevu kwa miaka mingi, na kuna jambo ambalo limenisumbua kiasi cha kuamua kuliandikia uzi mzima. Karibu kila ninapoitwa nakuta ukuta umekwisha kubanduliwa plasta na kupigwa upya, pengine zaidi ya mara moja, na juu yake umepakwa rangi ya kuzuia maji, lakini doa limerudi palepale lilipokuwa. Mwenye nyumba anamlaumu fundi, fundi anailaumu saruji, na fedha zimekwisha kutumika. Katika visa vingi nilivyoviona plasta ilipigwa vizuri kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kuchukua muda kutafuta maji yanakoingilia.

Maji huingia jengoni kwa njia chache. Hupanda kutoka ardhini kupitia msingi na kuta, hupenya kutoka nje wakati mvua inapoupiga ukuta au paa linapovuja, huvuja kutoka kwenye mabomba ya maji safi na ya maji taka, au hutoka hewani yakiwa mvuke na kugeuka matone yanapokutana na kitu cha baridi. Ukiongeza maji yaliyobaki ndani ya zege na plasta ya jengo jipya, umezitaja karibu zote. Ugumu unatokana na alama zake, kwa maana njia zote hizi zinaweza kuleta rangi inayobanduka, plasta inayomung'unyika, harufu ya uvundo na ukungu, hivyo mtu anayelitazama doa kwa dakika 5 na kutoa hukumu anabahatisha, hata akiwa na uzoefu.

Nalisema hili kwa sababu na mimi nimelifanya. Mwanzoni mwa kazi yangu nilikagua ukuta wa sebule uliolowa kuanzia sakafuni hadi kimo cha goti, nikaandika katika ripoti kwamba unyevu unapanda kutoka ardhini. Upande wa pili wa ukuta huo palikuwa na bafu, nami sikuingia kulitazama kwa kuwa lilikuwa likitumika saa ile. Plasta ikabanduliwa, ikapigwa mpya, na baada ya miezi michache doa likarudi. Nilipoitwa tena ndipo tulipoona kwamba viungio vya vigae vya bafu vilikuwa vimepasuka, na kila mtu alipooga maji kidogo yaliingia nyuma ya vigae na kuteremka hadi chini ya ukuta. Familia ile ilipoteza fedha kwa sababu ya ripoti yangu. Tangu siku hiyo siandiki chanzo cha unyevu kabla sijauona ukuta kwa pande zote mbili, pamoja na kilicho juu yake na kilicho chini yake.

Kifaa cha kwanza ninachowaomba mtumie ni penseli na daftari. Chora mstari kuzunguka ukingo wa doa na uandike tarehe pembeni, kisha urudie kila wiki, ukiandika katika daftari siku zilizonyesha mvua, upande ambao upepo wa mvua ulitokea, na matumizi ya bafu na jiko. Doa linalokua saa chache baada ya mvua na kunywea siku za jua linaelekeza macho kwenye paa, gata, dirisha au ufa wa ukuta wa nje. Doa lisilojali mvua wala jua, ambalo linazidi kukua kila siku kwa kasi ileile, linanifanya nilishuku bomba la maji safi, kwa kuwa bomba hilo lina msukumo wa maji usiku na mchana. Likikua siku ambazo bafu linatumika sana, nalishuku bomba la maji taka au viungio vya vigae. Unyevu wa ardhini hubadilika polepole, kwa kufuata majira. Hakuna mita ya kupimia unyevu inayoweza kukupa habari hizi, kwa sababu mita hupima siku moja tu.

Baada ya hapo zunguka jengo kwa nje, hasa wakati mvua ikinyesha, ambao ndio wakati watu wengi hukimbilia ndani. Tazama gata linalofurika, bomba la mvua linalomwaga maji ukutani, udongo au sakafu ya nje iliyopandishwa hadi karibu na kimo cha sakafu ya ndani, na maji yanayotuama kando ya msingi. Chini ya kizingiti cha dirisha pitisha kidole, kwani panatakiwa kuwa na mfereji mdogo unaoyalazimisha maji kudondoka kabla ya kuufikia ukuta, na mara nyingi mfereji huo umezibwa na rangi.

Mwenye nyumba:

Ahsante sana, mkuu, kwa somo hili. Nina mita ndogo yenye misumari miwili. Nimeichomeka kwenye plasta ya ukuta unaotoa chumvi ikasoma 28, na fundi aliyekuja ameniambia kwamba ukuta una asilimia 28 ya maji, kwa hiyo ni lazima ubomolewe plasta yote. Je, namba hiyo ina maana gani?

Mkaguzi:

Ndugu yangu, namba hiyo haisemi kwamba ukuta una asilimia 28 ya maji. Mita ya misumari hupitisha umeme kidogo kati ya misumari miwili na kupima ugumu wa umeme kupita, na namba zake nyingi zimepangwa kwa ajili ya mbao. Kwenye mbao zinaaminika kiasi: ubao wa ndani ya nyumba kavu huwa kati ya asilimia 8 na 12 hivi, na ukivuka 20 kwa muda mrefu uko katika hatari ya kuoza. Kwenye plasta, tofali au zege, namba ileile ni ya kulinganisha tu. Plasta ya jasi yenye asilimia 1 tu ya maji kwa uzito wake tayari huhesabiwa kuwa na unyevu, ilhali ubao wenye asilimia 10 ni mkavu, kwa hiyo huwezi kuvisoma vitu hivi viwili kwa kipimo kimoja.

Kuna jambo la pili, nalo linakuhusu moja kwa moja kwa kuwa umetaja chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, hivyo ukuta uliojaa chumvi huifanya mita iseme kwamba umelowa sana hata pale ambapo maji ni kidogo. Isitoshe, baadhi ya chumvi zinazotoka ardhini, hasa nitrati na kloridi, hunyonya unyevu kutoka hewani, kiasi kwamba ukuta ambao chanzo chake cha maji kilikwisha kuzibwa unaweza kuendelea kulowa kila hewa inapokuwa nzito. Mita za kuwekwa juu ya ukuta bila misumari nazo zina udhaifu wake, kwani nondo, bomba au karatasi yenye alumini ndani ya ukuta huzidanganya.

Hii haina maana kwamba uitupe mita yako. Itumie kutafuta umbo la unyevu. Pima kila baada ya sentimita 20, kwenda juu na kwenda pembeni, na uandike namba hizo kwenye mchoro wa ukuta. Namba zinazopungua taratibu kutoka sakafuni kwenda juu katika urefu wote wa ukuta zina hadithi moja. Namba kubwa zilizokusanyika mahali pamoja na kupungua pande zote zina hadithi nyingine, ambayo mara nyingi ni ya bomba. Pima pia ukuta ambao unajua kwamba ni mkavu, uliojengwa kwa vifaa vilevile, ili upate namba ya kulinganishia. Bila hiyo, 28 yako haina jirani.

Ikiwa uamuzi ni mkubwa, kama huo wa kubomoa plasta yote, basi chukua sampuli. Toboa ukuta taratibu kwa keekee isiyozunguka kwa kasi, ili joto lisikaushe unga, ukusanye unga wa kina mbalimbali na uufunge mara moja katika chombo kisichopitisha hewa. Unga huo unaweza kupimwa palepale kwa chupa maalumu ya chuma yenye kalsiamu kabaidi, ambayo ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini, na msukumo wa gesi hiyo ndio unaosomwa kuwa kiasi cha maji. Kazi hiyo ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto. Njia nyingine ni kuupima uzito, kuukausha katika oveni ya nyuzijoto 105 za Selsiasi hadi uzito usibadilike tena, kisha kuupima upya. Jasi ikaushwe kwa joto la takriban nyuzi 40, kwani kwenye joto kubwa hupoteza hata maji ambayo ni sehemu ya umbile lake, nawe utadhani kwamba yalikuwa unyevu.

Mpangaji:

Shikamoo, mkuu. Mimi nina kona ya chumba cha kulala, nyuma ya kabati, ambayo imejaa ukungu mweusi. Naufuta kwa dawa ya kusafishia, unakaa wiki tatu, kisha unarudi. Nimeambiwa ni unyevu wa ardhini, lakini nakaa ghorofa ya pili.

Mkaguzi:

Marahaba. Unyevu wa ardhini haufiki ghorofa ya pili, kwa hiyo hilo tuliweke kando. Ninachokishuku ni mvuke wa hewa ya ndani. Kupumua, kupika, kuoga, kupiga deki na kuanika nguo ndani huongeza maji hewani, na familia ya watu wanne inaweza kutoa takriban lita 10 kwa siku. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi: mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba gramu 23 hivi za mvuke, ilhali ya nyuzi 10 haifikishi gramu 10. Hewa inapopoa mpaka ishindwe kubeba ilichonacho, inaacha umande.

Chukua mfano wa chumba chenye nyuzi 25 na unyevu wa hewa wa asilimia 60, yaani hewa imebeba asilimia 60 ya mvuke inaoweza kuubeba kwa joto hilo. Umande wake utaanza kwenye kitu chenye nyuzi 17 hivi. Watu wengi huishia hapo na kusema kwamba kwa kuwa hawaoni matone ukutani, basi mvuke hauhusiki. Lakini ukungu hausubiri matone. Ikiwa uso wa ukuta nyuma ya kabati una nyuzi 20, hewa inayougusa inapoa na unyevu wake unapanda hadi asilimia 80 na ushei, na kiwango hicho, kikidumu, kinatosha kabisa kuotesha ukungu. Kabati linazuia hewa ya chumba isiufikie ukuta na kuupasha joto, na kona ya nje ya jengo hupoteza joto kwa pande mbili, kwa hiyo ukungu umechagua mahali panapoufaa zaidi katika chumba chote.

Fanya jaribio hili. Kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha karatasi ya alumini na uzibe kingo zake zote kwa utepe, ukiache kwa siku moja au mbili. Ukikuta unyevu upande unaotazama chumba, maji yanatoka hewani. Ukiukuta upande unaotazama ukuta, yanatoka ukutani. Ukiukuta pande zote mbili, nalo linawezekana, maana jengo halilazimiki kuwa na tatizo moja tu. Pamoja na hilo, weka kipima unyevu wa hewa chumbani na uandike namba zake asubuhi, jioni na baada ya kila shughuli yenye maji. Tungependa ikae chini ya asilimia 60 kwa muda mwingi.

Kuhusu kufuta ukungu, vaa barakoa na glovu, lowesha kwanza ili vumbi lake lisiruke, na usichanganye kamwe dawa ya klorini na dawa nyingine ya kusafishia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, na limeeleza wazi kwamba wakazi wa majengo hayo wako katika hatari zaidi ya matatizo ya kupumua na pumu. Ikiwa kuna mtoto au mgonjwa wa pumu anayelala humo, mhamishe chumba wakati mnatafuta chanzo.

Mjenzi mstaafu:

Namshukuru mleta uzi, ila naona kama anaudharau unyevu wa ardhini. Sisi tumejenga miaka mingi, na tumeona kuta nyingi zilizoliwa kutoka chini. Dawa ya kuchoma sindano ukutani, ile inayoingizwa kwenye matundu yaliyotobolewa chini ya ukuta ili kuzuia maji yasipande, imewasaidia watu.

Mkaguzi:

Mzee wangu, siudharau hata kidogo, na nashukuru umelileta hili. Maji hupanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, kupitia vinyweleo vya tofali na vya udongo unaounganisha tofali. Kwa hesabu ya vinyweleo peke yake yangeweza kupanda mita nyingi, lakini njiani yanakauka kupitia uso wa ukuta, na pale ambapo kupanda na kukauka vinalingana ndipo yanapoishia, kwa kawaida karibu na mita 1, na ni nadra kuvuka mita 1 na nusu. Hapo juu huacha chumvi zake, nazo ndizo zinazochora ule mstari unaofanana na alama ya maji ya bahari yaliyokupwa. Kwa hiyo nikiona doa la mita 2 na nusu siliiti unyevu wa ardhini, na nikiona doa la chini lisilo na chumvi yoyote nasita.

Ninachokipinga ni kuchoma sindano kabla ya kuangalia kwa nini tabaka la kuzuia unyevu lililopo, yaani lile lisilopitisha maji linalolazwa chini ya ukuta wakati wa kujenga, limeshindwa. Mara nyingi tabaka hilo ni zima, ila limerukwa: mtu amemwaga udongo wa bustani au zege la veranda nje ya ukuta hadi juu yake, au plasta ya nje imeshushwa hadi ardhini na maji yanapanda kupitia plasta hiyo. Uso wa ardhi unatakiwa kuwa angalau milimita 150 chini ya tabaka. Katika hali kama hiyo, koleo na tindo vinaweza kutosha. Na hata dawa ikifanya kazi, plasta ya zamani yenye chumvi itaendelea kulowa, kwa hiyo itabidi ibanduliwe vilevile, baada ya chanzo kuzibwa.

Seremala:

Mimi huweka sakafu za mbao juu ya zege. Kuna sakafu niliyoiweka ikavimba ndani ya mwezi mmoja, ingawa zege lilionekana kavu jeupe. Nipime vipi safari nyingine?

Mkaguzi:

Rangi ya zege hukuambia habari za juu tu. Sakafu ya saruji katika mazingira mazuri ya kukauka huhesabiwa kuchukua siku 1 kwa kila milimita, kwa milimita 50 za mwanzo, na ikizidi hapo kasi hupungua. Njia nyepesi ni kubandika nailoni ya mraba wa sentimita 45 kwa 45, ukiziba kingo zote, na kuiacha kwa saa 16 au zaidi. Ukikuta matone au zege lililogeuka rangi chini yake, usiweke ubao. Ikitoka kavu, bado haijathibitisha chochote kuhusu unyevu ulio chini zaidi, kwa hiyo kwa sakafu ya mbao mimi ningetoboa na kuweka kipima unyevu ndani ya zege, katika kina cha asilimia 40 ya unene ikiwa zege linakauka kwa juu tu, kisha ningelinganisha na kiwango kilichoandikwa na watengenezaji wa sakafu hiyo. Pima pia mbao zenyewe kabla hujazifunga.

Fundi bomba:

Naongezea upande wetu. Fungeni bomba zote ndani ya nyumba, andikeni namba ya mita ya maji, msitumie maji kwa saa moja au mbili, kisha msome tena. Ikisogea, kuna mahali panapovuja. Kwa bomba la maji taka mita haiwezi kusaidia, kwa hiyo mwageni maji yenye rangi kwenye choo au sakafu ya bafu, na mngojee kuiona rangi hiyo kwenye doa.

Mkaguzi:

Hapo umenena, fundi. Niongeze kwamba kamera ya joto, ambayo watu wengi wananiuliza, haioni maji. Inaona joto la uso wa ukuta, na sehemu iliyolowa huonekana ya baridi kwa sababu maji yanapokauka huchukua joto. Lakini upepo wa dirishani na kivuli navyo huonekana hivyohivyo, kwa hiyo kila sehemu ya baridi itakayoonekana kwenye kamera ni lazima ihakikishwe kwa mita. Tena, ukuta uliolowa karibu na soketi usichomekwe msumari wala kutobolewa kabla ya kuzima umeme.

Mpangaji:

Mkuu, nimerudi na majibu. Karatasi ya alumini ilikuwa na unyevu upande wa chumba, nyuma ilikuwa kavu. Kipima unyevu kinasoma 58 mchana, lakini usiku tunapoanika nguo ndani na kufunga madirisha kinafika 84.

Mkaguzi:

Basi umepata jibu lako bila kuvunja kitu. Sogeza kabati walau sentimita 10 kutoka ukutani, ondoeni nguo mbichi chumbani, na mfungue madirisha ya pande mbili zinazoelekeana asubuhi, pale ambapo hewa ya nje si nzito kuliko ya ndani. Kama bafu lina feni, iachwe ikizunguka kwa muda baada ya kuoga. Endelea kuandika namba kwa wiki 4, na usipake rangi mpya kwanza. Namba za usiku zikishuka chini ya 65 lakini ukungu ukarudi mahali palepale, bandika alumini upya kwenye kona hiyo baada ya mvua kubwa na utuandikie hapa, kwani hapo itabidi tuutazame ukuta wa nje.